Kahawa, satini na mikono miwili ya kushoto

Mi nimezaliwa Mbozi, kwetu kahawa ndo ada ya shule, ndo bati la nyumba, ndo mahari kaka akitaka kuoa, lakini kuinywa hapana, sisi ni watu wa chai. Nimechuma kahawa toka darasa la pili na mpaka nafika miaka 31 sikuwahi kumaliza kikombe kizima. Sa hivi wateja wangu hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini, wakikuta chupa ya kahawa pembeni ya cherehani wanajua nimejifunza mambo ya mjini tu.

Shida yangu haijawahi kuwa mikono, shida ni kichwa. Naweza nikawa nakata, mkasi uko katikati ya kitambaa, nikasikia konda anaita Uyole Uyole, basi nimeshaondoka, mwili uko mezani akili imepanda hiace. Kuna gauni la sendofu siwezi kulisahau, satini ya rangi ya maziwa, nikakata mikono yote miwili ya kushoto. Ingekuwa kitenge ningegeuza upande wa pili maisha yakaendelea, ila satini inang'aa upande mmoja tu bana, na mi nimekuja kushtuka mkono mmoja nimeshaupachika na wa pili unakataa. Nikazunguka soko zima kutafuta kitambaa cha rangi ile ile kwa hela yangu mwenyewe.

Sasa kaka alikuja mjini na kahawa ya kukaanga nyumbani, kama kilo hivi, nikaona ngoja niichemshe maana ilikuwa mwezi wa saba na baridi ya Mbeya mnaijua. Nikajua moyo utadunda kama nimekimbizwa na mbwa. Kumbe wapi, kukatulia. Yani kama redio tano zilikuwa zinaongea kichwani alafu mtu akazima nne. Nikashona mashati manne ya shule sijanyanyuka, hata simu sijaigusa, mpaka msaidizi wangu akauliza dada unaumwa?

Usiku nikaingia intaneti kusoma. Kumbe kuna kitu mwilini kinaitwa adenosini, ndo kinakuletea uchovu na usingizi kadiri siku inavokwenda, kafeini ile iliyomo kwenye kahawa inawahi kukaa kwenye kiti chake, adenosini ikifika inakuta pamejaa. Na kwa kufanya hivo dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, inapata nafasi ya kufanya kazi zaidi, na dopamini ndo inatajwa sana kwenye ADHD, hii hali ya umakini kukatika na kutotulia. Dawa za ADHD kama Ritalin nazo zinagusa hiyo hiyo dopamini ila kwa njia nyingine na kwa nguvu zaidi. Basi nikaona nimepona bila daktari.

Nikaanza kunywa vikombe vitano kwa siku. Cha mwisho saa mbili usiku, ndo kosa lenyewe, maana kafeini nusu yake tu inachukua kama masaa matano kutoka mwilini, kwa wengine zaidi. Saa nane za usiku natazama dari, asubuhi nasinzia kwenye pasi, mikono inatetemeka siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano, na mtu asiyelala umakini anautoa wapi? Nikawa nakunywa kuziba usingizi nilioupoteza kwa kunywa.

Ndo nikaenda kwa daktari wa afya ya akili. Nilitegemea anipime kichwa na mashine, wapi, aliniuliza utoto wangu, kwa sababu ADHD lazima dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, sio uanze ukubwani kwa sababu ya simu. Nikakumbuka ripoti zangu za shule, "ana uwezo ila hatulii", kila muhula. Kuhusu kahawa hakunicheka. Akasema watu walishalifikiria zamani, mwaka 1973 kuna daktari Marekani anaitwa Schnackenberg aliandika kwamba kafeini inaweza kushika nafasi ya dawa kwa watoto wasiotulia, baadae wengine wakaipambanisha na Ritalin, na kafeini ikaachwa mbali. Inasaidia kidogo kwa baadhi ya watu, ila matibabu sio. Mtu mzima mwenye afya asipitishe kama miligramu 400 za kafeini kwa siku, mjamzito 200, na mwenye presha au moyo aulize kwanza.

Sa hivi nakunywa kikombe kimoja saa mbili asubuhi, ikifika sita wasaidizi wanywe wenyewe. Na kusema kweli kinachoniokoa zaidi ni chaki. Kabla sijakata naandika kwa nyuma ya kitambaa L ya kulia na S ya kushoto (kulia na kushoto zote zinaanza na K, hilo nalo nimelijua kwa hasara), simu inakaa ndani ya droo.

Juzi dada kanipigia toka nyumbani, mwanae ana miaka nane, mwalimu analalamika mtoto hatulii, anauliza ampe kikombe kidogo cha kahawa na maziwa kama mimi. Nikamwambia dada hapana, huyo ni mtoto, madaktari wa watoto hawataki kafeini kwao, itamuibia usingizi tu, mpeleke hospitali aonwe vizuri. Kanielewa. Kasema atampeleka wakishauza kahawa.