Siku moja na wanafunzi wangu wa uhandisi, Lamu

Saa moja asubuhi. Jahazi la mchanga limefunga gatini tangu alfajiri, na punda wameanza kupanda na magunia. Mji wa Lamu hauingii lori la zege. Kila mfuko wa saruji hupita mgongoni mwa punda au begani mwa mtu. Ndiyo maana napenda wanafunzi waje kufanya mafunzo ya nyanjani huku. Hasara wanaiona ikibebwa.

Saa mbili na nusu. Safari hii ninao wawili, kijana wa Kisumu na binti wa Langoni, mtaa wa hapa hapa Lamu. Kijana ananiuliza, "Injinia, Shela kuna vilima vizima vya mchanga. Mbona tunalipia wa bara?" Simjibu. Namtuma kwa fundi mkuu, mzee aliyeanza kujenga mimi sijazaliwa.

"Mwanangu, ule una chumvi," mzee anamwambia. "Mchanga huo utakula nondo."

Mimi naongeza sababu: chumvi huharibu utando mwembamba unaoikinga nondo ndani ya zege, kutu huvimba, na zege hupasuka kuanzia ndani. Tena vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa. Ukivichota, umechezea visima vya mji mzima.

Saa nne. Kipimo cha koni, cha kujua zege ni laini kiasi gani: kimo milimita 300, matabaka matatu, kila tabaka linadungwa mara 25, koni inanyanyuliwa, unapima zege limeshuka kiasi gani. Binti anapima. Limeshuka kidogo mno, na mchanganyaji ameshanyakua ndoo ya maji. Binti ananitazama, mimi natazama baharini.

"Bwana Fundi," anasema hatimaye, "maji yakizidi nguvu itapungua. Tuangalie kwanza lile sanduku la kupimia."

Wanaangalia. Mchanga ulikuwa ukijazwa kwa kilima, hausawazishwi kwa ubao, ndiyo maana ulizidi na zege likawa gumu. Ndoo inawekwa chini. Mwanafunzi anayeweza kumwambia mtu mzima jambo la kweli bila kumvunjia heshima, mahesabu nitamfundisha bila shida.

Saa saba. Swala, wali kwa samaki, kivuli.

Saa nane. Madaftari ya kumbukumbu za kazi. Kijana ameandika: "Leo tulimwaga zege." Namrudishia. Kiasi gani? La nguzo zipi? Nani aliamua mchanga upunguzwe, na kwa nini? Ananung'unika kwamba mhadhiri hasomi yote hayo. Huenda ni kweli, lakini mhadhiri si msomaji wa mwisho. Akihitimu atajisajili na Bodi ya Wahandisi Kenya kama mhandisi mhitimu, na kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011 anahitaji uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, pamoja na mtihani, ndipo awe mhandisi kamili. Huko ataulizwa wewe mwenyewe ulifanya nini. "Tulimwaga" haitamsaidia.

Saa kumi na moja jioni. Mwanafunzi wangu wa zamani anapiga simu kutoka Nairobi. Ana kazi mbili mkononi: kuuza pampu kwa mshahara mzuri, au kusimamia ujenzi kwa mshahara wa kubana. Simchagulii, kodi ya nyumba halipi yeyote ila yeye. Namuuliza tu: huko kwenye ujenzi, mhandisi atakayekusimamia ni nani, na amesajiliwa? Hajui.

Basi asitie sahihi kwanza. Akipewa jina alitafute kwenye orodha ya Bodi, ipo wazi kwa kila mtu. Ameahidi kuwapigia kesho asubuhi.