Siku moja maishani mwangu: fulana nyeupe, baraza na majina 34

Saa 10:30 alfajiri

Mlango unagongwa hata adhana haijatoka. Ni kijana wa bodaboda, anataka fulana zake kumi na mbili za maskani kabla njia ya feri haijajaa. Namwambia wino haujakauka. "Fundi, utakauka njiani," anasema, na kweli anazifunga nyuma ya pikipiki zikipepea kama bendera.

Nachapa fulana, kofia na mabango kwenye kibanda changu hapa Likoni. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, lakini kwangu mimi umeshaanza kitambo.

Saa 2 asubuhi

Kazi kubwa ya leo ni fulana 200 za mgombea wetu wa uwakilishi wadi. Tunamwita mheshimiwa, ingawa bado anagombania kiti cha matatu kama sisi sote. Nikiri mapema: mimi ni mwanakamati wake, ndiyo maana bei niliyompa ni ya hasara.

Fulana ni nyeupe tupu. Jina litakaa mgongoni, uso tumboni, na kifuani upande wa moyo nimeagizwa niache nafasi ya kiganja. "Alama ya chama tutaiweka baadaye," aliniambia. Rangi pia baadaye. Basi nalaza fulana, naweka fremu, namimina wino, navuta mpira mara mbili, nainua. Ukivuta mara moja, pua inatoka nusu. Ukivuta mara tatu, mtu anaota ndevu. Kufikia saa nne kamba zangu zote zimejaa uso mmoja, na kila uso una pengo juu ya bega.

Picha naziangalia kwa jicho kali tangu 2022. Mwaka ule karatasi za kura za ugavana hapa Mombasa na kule Kakamega zilikuja na picha zisizo sahihi, uchaguzi wa gavana ukaahirishwa kutoka tarehe 9 Agosti hadi 29. Siku ile ya pili vituo vilikuwa vimepoa. Watu walishapiga kura zao tano, wakaona wameshamaliza kazi.

Saa 5

Mama mmoja anakuja na kazi ya mpinzani wetu. Ndiyo, napokea, watoto hawali msimamo. Yeye hataki fulana hata moja, anataka nimsaidie kupanga jina, yaani maandishi, ya leso (kanga) atakayoagiza mjini. Tunahesabu herufi, maana jina la leso likizidi, mwisho wake unaingia kwenye pindo. Nilipokuwa nachora nikawa nasikitika kimoyomoyo. Fulana ya kampeni baada ya mwezi mmoja inafuta pikipiki. Leso itavaliwa jikoni, itabebea mtoto, itatandikwa matangani, na jina la mtu linabaki linasomeka miaka. Huyo mama anajua anachokifanya. Kwenye kamati yetu wanawake ni wawili kati ya kumi na mmoja, na sijawahi kuwasikia wakiulizwa kitu.

Saa 7 mchana

Mahamri mawili na mbaazi za asubuhi zilizopashwa moto. Umeme umekatika, kwa hiyo nimelala kidogo juu ya marobota.

Saa 10 jioni

Barazani. Mzee wa kahawa ameshaweka dele lake, kashata zipo, na ugomvi ni ule ule: mheshimiwa aingie na tiketi ya chama au awe mgombea huru?

Vijana wa boda wanataka tiketi ya chama kikubwa. Hoja yao ni suti: mpiga kura akianza na rangi moja juu kwa rais, anashuka nayo hadi kwa mwakilishi wadi bila kusoma majina. Hapa Pwani miaka mingi hilo lilikuwa halihitaji ubishi. Lakini tangu Raila Odinga, kiongozi wa ODM, chama cha chungwa, afariki, Oktoba 2025, hakuna anayeapa tena kwamba suti ya chungwa itashonwa vile vile. Halafu kuna yale makubaliano ya 7 Machi 2025 kati yake na Rais Ruto. Vyama vyao viwili vikila sahani moja huko juu, huku chini nani anampisha nani? Wenye vyama wanaita kugawana maeneo. Kijana mmoja akauliza, "Wakigawana, sisi tuliomo ndani ya maeneo tunapewa nini?" Akachekwa, lakini hakujibiwa.

Mwalimu mstaafu ni wa upande wa mgombea huru, na huwa haji barazani bila daftari. Katiba inamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na kwa kiti cha wadi awe na wapiga kura 500 wa wadi hiyo wanaomuunga mkono. "Hesabuni nyuma kutoka Agosti 10," anasema, akigonga daftari. "Mnafika mapema Mei. Mara iliyopita michujo ya vyama ilikuwa Aprili. Mtu akinyimwa cheti cha chama mwishoni mwa Aprili, ana siku ngapi za kujiondoa na kutafuta majina 500?" Vijana walinyamaza kidogo hapo. Mimi pia. Nilifikiria ile nafasi ya kiganja kwenye fulana, nikaona mheshimiwa anangojea aone chama gani kitamchukua, na kalenda haimngojei.

Shangazi wa viazi karai alikuwa anasikiliza huku akigeuza mafuta. "Nyinyi mnabishana rangi," akasema. "Mtaro wa huku nyuma ukijaa, huyo mtu wenu anajua maji yanapitia nyumba ya nani?" Hakuna aliyejua kama anajua. Mwalimu akaandika.

Saa 1:30 usiku

Kikao cha kamati, nyumbani kwa mheshimiwa. Ajenda: fulana, kofia, gari la muziki, na kama atazungumza juu ya gari au chini. Juu ya gari kulichukua dakika arobaini.

Nikaomba nafasi, nikauliza: mawakala wetu, wa kutulindia kura vituoni, ni kina nani?

Mwaka 2022 nilikuwa wakala katika shule moja ya msingi, wa mgombea mwingine, jina lake nalihifadhi. Nilikula kiapo, nikaingia kabla ya saa 12 asubuhi, nikapewa mkate na soda mchana, basi. Kituo kilifungwa saa 11 jioni, tukaanza kuhesabu ya rais. Mwenzangu wa chumba cha pili aliahidiwa chakula cha usiku, akangoja, saa tatu akaenda kwao. Simlaumu, alikuwa na njaa. Sahihi ya wakala ikikosekana, fomu ya matokeo haiharibiki kwa sababu hiyo, matokeo yanaendelea na safari yake. Hesabu ya wadi ilipokuja kusomwa, usiku wa manane, sisi tulikuwa na karatasi za baadhi ya vyumba tu. Tulipitwa kwa kura chache. Mpaka leo sijui kama tulishindwa au tulifanyiwa, maana vyumba sita hatukuwa na mtu. Nakala hubandikwa mlangoni pa kituo, ingetosha kijana mmoja na simu yenye chaji.

Kituo kimoja, yaani chumba kimoja, hakizidi wapiga kura 700, na wadi yetu mara iliyopita ilikuwa na vituo 34. Nikawawekea hesabu mezani. Fulana 200 kwa shilingi 350 ni 70,000. Mawakala 34, kila mmoja 2,000 na chakula chake kimo humo, ni 68,000. Mheshimiwa akaitazama karatasi, akaitazama tena. Mweka hazina akasema fulana zinaonekana, wakala haonekani. Mmoja wa wale akina mama wawili akasema, "Binti yangu atakaa mpaka asubuhi, ila nitamletea chakula mwenyewe, sitangoja kamati."

Kikao kiliahirishwa hapo, kwa sababu ya wali.

Saa 4:30 usiku

Nimekaa kibandani na taa ya simu. Fulana zimekauka, nimezikunja kumi kumi, nafasi ya kiganja ikiwa juu. Kwenye daftari nimepiga mistari 34. Jina la kwanza ni la binti yule. La pili ni Mwalimu, nimemwandika bila kumuuliza. Shangazi nimemwandika pia, nikamfuta, kisha nikamrudisha. Nimefika 19.

Simu inalia. Ni mheshimiwa.

"Fundi, hujalala? Hivi kofia mia moja zitakuwa ngapi?"

Nimemtajia bei. Kisha nikarudi kwenye mstari wa 20.