Asubuhi nasikiliza, mchana napanga bajeti: siku moja Nakivale

Saa 12 asubuhi. Chai ya haraka, kisha bodaboda hadi Juru, moja ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Shahada yangu ya Makerere ilikuwa ya kazi za jamii na utawala wa jamii, na hapa kazini kila upande unanidai haki yake.

Saa 2. Mama mmoja kutoka Kivu Kusini, Kongo, aliyefiwa na mumewe njiani.

"Dada, nikifunga macho tu namwona."

"Pole, mama."

Kalamu naiweka chini. Namwelekeza kuhema taratibu, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote, kutaja anachokiona: mlango, ndoo, kanga ya jirani. Kwenye kanga machozi yanamtoka. Tunaacha zoezi, namwacha alie.

Akitulia ananiambia kinachomkesha pia: watoto watakula nini. Tangu 2023 mgao wa chakula hapa hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, naye amewekwa kundi lisilopata kitu. Ushauri nasaha pekee hauwezi kumlaza mama ambaye wanawe wana njaa. Namwomba idhini ya kumkatia rufaa. Anakubali.

Saa 5. Ziara za nyumbani, jua kali.

Saa 8. Ofisini, bajeti ya robo mwaka. Kwenye jedwali la waliohudumiwa mama yule ni 1. Kijana aliyepita kuulizia blanketi naye ni 1. Kwa hesabu hiyo, fungu la kikao cha washauri, wanapokutana kusaidiana mzigo wa kazi, ndilo linalopendekezwa kukatwa.

"Mzee, hapo hapana," namwambia mkuu wangu. "Mshauri wetu wa kanda ya Rubondo amelemewa na faili. Akiondoka, wateja wake wote wataanza kusimulia misiba yao upya kwa mgeni."

Anafikiri, kisha tunapunguza mafuta ya gari. Kikao kinabaki.

Saa 10. Barua ya rufaa. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote. Niandike nini? Wanaopitia makundi ya mgao hawahitaji kujua yaliyompata njiani. Hayo aliniambia mimi. Naandika: mjane, watoto wadogo, hawezi kulima kwa sababu ya afya. Mengine yanabaki kwenye faili la ushauri, ambalo hata mhasibu wetu halifungui.

Saa 11. Barua imeondoka na gari la kanda ya Base Camp. Mama ana miadi nami Jumanne, jibu liwe limerudi au la.