Ulisikia, Baba?

Siku ya nne leo, na lile swali la garini bado ninalo. Wiki iliyopita tulikula kiapo cha uraia, dada akajifungua salama kule Tanga, nami nikahamishiwa zamu ya usiku, lakini kinachoninyima usingizi ni maneno ya dakika mbili.

Ijumaa, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, kijana wa timu pinzani alimtukana mwanangu kwa rangi yake. Kwa sauti, hadi jukwaani tukasikia. Kipenga kikapigwa, mchezo ukaendelea.

Njiani kurudi nikaona nimtulize na habari za Henry McDonald, yule niliyewaandikia mwaka jana: mchezaji mweusi, mzaliwa wa Haiti, aliyeichezea timu ya Rochester Jeffersons ya mji wetu huu wa Rochester, New York, tangu 1911, siku ambazo futiboli ya kulipwa ilimpa dola 15 kwa siku, na hapo imezidi sana. Nikamsimulia mechi ya 1917 kule Canton, Ohio. Mchezaji mmoja wa Canton alimsukuma nje ya uwanja, akamkunjia ngumi, akamwambia weusi na weupe hawachanganyiki. Jim Thorpe, nyota wa Canton hiyohiyo, mtu wa Sac and Fox, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, akaruka katikati yao: tumekuja kucheza mpira. Yakaisha.

Mwanangu kimya. Alikuwa anabandua udongo mkavu kwenye helmeti, kipande kwa kipande, anaukusanya kiganjani asichafue gari.

"Baba, ulisikia aliyoniambia?"

"Nilisikia."

"Ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa nimekaa."

Basi, hakuongeza. Ningeweza kumwambia wazazi haturuhusiwi kuingia uwanjani, na ni kweli, ila hilo hakuliuliza. Aliuliza kama nilikuwa nimekaa. Mkononi nilikuwa na kikombe cha chai ya moto, naogopa isinimwagikie.

Jana jioni akanifuata jikoni mwenyewe.

"Yule McDonald aliishia wapi?"

Nikamwambia alihamia mji wa Geneva, hapahapa New York, mwendo kama wa saa moja kutoka hapa, akawa kocha wa vijana wa sekondari. Uso ukamfunguka.

"Kwa hiyo naye alikuwa anasimama pembeni ya uwanja?"

"Alikuwa anasimama, baba."

Akaomba twende Geneva Jumapili. Nilikubali hata hajamaliza, na usiku ule kazini nilifanya kazi mwepesi. Ijumaa ijayo mtanikuta kwenye uzio. Jukwaani sipandi.

Mama hajapokea simu tangu asubuhi. Dada anasema juzi presha ilipanda tena, na dawa zimebaki za siku tatu.