Matundu ya ukuta wa nyuma

Ukiingia kwenye jumba la zamani la sinema, Dodoma au mji wowote wa reli ya kati, usianze na viti. Geuka, tazama juu ukuta wa nyuma. Matundu yale ndiyo yalipitisha mwanga wa projekta, na kwa kawaida projekta zilikuwa mbili.

Roli moja ya futi 2,000 za mkanda wa milimita 35, ikienda picha 24 kwa sekunde, huisha kwa dakika 22 hivi. Kwa hiyo fundi alikodolea macho kona ya juu kulia ya picha. Kidoa cha kwanza kikitokea hapo: washa mota ya projekta ya pili, yenye roli inayofuata. Sekunde kama saba baadaye, kidoa cha pili: hamisha picha kwenye projekta hiyo. Akichelewa, pazia jeupe, miluzi ukumbi mzima.

Huku kwetu adui mkubwa alikuwa vumbi la kiangazi. Chembe moja ikinasa penye lango la mkanda, yaani pale mkanda unapopita mbele ya taa, huukwaruza wima mwanzo hadi mwisho, na kwenye pazia mkwaruzo ule huonekana kama mvua isiyokatika. Haufutiki. Lango lilisafishwa kila baada ya roli, kwa brashi laini. Bisibisi ni kuliharibu kabisa.

Mwenye jengo la namna hiyo, tafadhali, usiyazibe matundu hayo kwa saruji.