Siku moja na furushi la "Barua za Kiarabu"

Saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya chai napita kwenye ghala la nyaraka za kale ninazozitunza, kutazama kipimo cha unyevu. Ni masika hapa Unguja, na karatasi ya miaka mia na zaidi haivumilii unyevu. Namwaga maji yaliyojaa kwenye mashine ya kukausha hewa, nakagua rafu za chini kama kuna wadudu, kisha naingia kazini.

Saa mbili na robo. Nafungua furushi la barua 23. Kijana aliyekuja kwa mafunzo anataka kuzipanga kwa tarehe, namzuia. Aliyezifunga alikuwa na sababu zake: barua ya deni imelala juu ya hati yake ya malipo, na tukizitenganisha hakuna atakayejua tena kwamba zilikuwa pamoja. Tunazitia namba kwa mpangilio tuliozikuta nao, kwa penseli tu. Pini zenye kutu tunazitoa polepole.

Saa tatu na nusu. Kadi ya zamani ya furushi hili inasema: "Barua za Kiarabu, 1894." Naanza kuzisoma, na nikifika ya saba nasimama. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili kitupu. Mwanamke anamwandikia kaka yake kudai haki yake.

"Dada, anadai shaba?" kijana ananiuliza.

Hapana, ni shamba. Waandishi wetu wa zamani mara nyingi waliandika b peke yake na kumwachia msomaji aitie m mwenyewe. P nayo waliiandika kwa b, na v kwa f. Kwa hiyo anayezijua herufi tu, bila kuijua lugha, husoma shaba penye shamba la mikarafuu lililowekwa rehani. Tunaisoma mara tatu, kwa sauti, mpaka sentensi zinakaa sawa.

Tarehe ni 14 Rajab 1312. Kweli mwaka huo wa Hijria ulianza Julai 1894, lakini Rajab ni mwezi wa saba, na ulipofika siku ya 14 watu walishaingia 1895. Naandika "takriban 11 Januari 1895". Hiyo takriban naiweka kwa makusudi: mwezi huandama kwa kuonekana, na siku ya Kiislamu huanza magharibi.

Saa sita na nusu, swala na chakula.

Saa nane. Mgeni kutoka Muscat anatafuta jina la babu yake, Suleiman. Katika orodha zetu jina hilo limeandikwa pia Sleman na Sulayman. Tunatafuta kwa maumbo yote matatu, na la pili ndilo linalomfikisha kwenye faili. Hapo hapo naingiza maelekezo ili atakayekuja kesho, akianza na umbo lolote, afike.

Saa tisa. Naandika maelezo ya barua ya saba. Lugha: Kiswahili. Herufi: Kiarabu. Hizi ni nafasi mbili tofauti, na zilipochanganywa zikawa moja, kila aliyetafuta sauti ya mwanamke wa Kiswahili wa karne ya 19 alipitishwa kando ya furushi hili. Inaniuma. Zimebaki barua 16, na sasa sitaiamini ile kadi kwa hata moja.

Lakini siitupi. Naiweka ndani ya jalada, na nyuma yake naandika kwa penseli tarehe ya leo.