Bibi alipokataa kuingia bandani

Kuku wangu Bibi ndiye aliyeanza. Jioni, adhana ya Magharibi ikisikika, kuku wangu hujipeleka wenyewe kulala. Sina kazi ya kuwaswaga. Siku hiyo Kishungi aliingia, Kanga akafuata, kisha Temba. Bibi akabaki barazani, amepanda juu ya ndoo kando ya cherehani yangu. Nikambeba, nikamwingiza. Kesho yake ikawa vilevile, na Temba naye akagoma.

Ninao hao wanne tu, hapa Kihonda, Morogoro. Mayai yao tunakula, lakini kuwachinja hapana. Binti yangu aliwapa majina wakiwa vifaranga, na Bibi sasa ana miaka mitano. Nikishona, huja kulala kwenye vipande vya kitambaa miguuni pangu.

Mchana nilimkagua. Nilifunua manyoya ya kifuani, chini ya mabawa, halafu kuzunguka mkundu, maana chawa hupenda kujazana hapo: utawaona wanakimbia, rangi yao kama ya majani makavu, na mayai yao yameganda vichembe vyeupe kwenye mashina ya manyoya. Sikuona hata mmoja. Lakini kilemba chake kilikuwa kimepauka kama cha kuku aliyetoka kuatamia, na mayai kwenye viota yalikuwa yamepungua.

Usiku, kwenye saa nne, nikaingia bandani na tochi. Fito wanazolalia zilikuwa zinatambaa. Nikapitisha kipande cha kitambaa cheupe chini ya fito, kikatoka na michirizi ya damu. Utitiri! Mchana wanajibana kwenye nyufa za mbao, usiku wanapanda miguu ya kuku na kunyonya. Wakiwa na njaa ni wa kijivu. Ule wekundu niliouona ulikuwa damu ya Bibi na wenzake. Nililia, sioni aibu kusema. Siku zile zote nilikuwa namlazimisha kuingia humo.

Tangu siku hiyo nikimsikia mtu anasema "nimempaka kuku dawa, wadudu hawaishi", swali langu la kwanza ni moja: banda je? Kama mdudu analala kwenye mbao, utamwogesha kuku mpaka uchoke. Na tafadhali, asipakwe mafuta ya taa. Miaka miwili nyuma Temba alipata ukurutu wa miguu, magamba yakainuka, na mimi kwa kusikiliza maneno ya watu nikampaka hayo mafuta. Ngozi ilibabuka, akachechemea siku kadhaa. Kilichomponya ni maji ya uvuguvugu na sabuni, kusugua taratibu kwa mswaki laini, kisha mafuta ya mgando kila baada ya siku mbili tatu, kwa zaidi ya mwezi. Magamba mabovu yalidondoka yenyewe.

Basi Jumamosi nikaacha vitambaa vya watu nikaingia kwenye banda. Nyasi za viota na maranda yote nilichoma. Fito nikazing'oa, na pale zinapoingia ukutani ndipo palipokuwa makao yao makuu, wamerundikana na mayai yao na vumbi la kijivu. Nikamwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa, nikaacha jua likaushe, halafu nikapaka chokaa nzito hadi nyufa zikazibika. Kuku wenyewe niliwapaka dawa ya unga niliyonunua duka la dawa za mifugo, nikiwafunika macho na pua kwa kiganja. Kabla sijalipa nilimuuliza muuzaji tukae siku ngapi bila kula mayai. Ulizeni hilo kila mara, hata kwa dawa ya minyoo.

Siku ya saba nikarudia yote. Mayai ya utitiri yaliyoponea ndani kabisa ya mbao yanaangua, na kwa joto letu wiki moja inatosha kuwa na kizazi kipya. Nilirudia mara tatu.

Nimejiuliza sana kwa nini ilikuwa mwezi wa nne. Nadhani ni masika. Kuku anajisafisha kwa vumbi: anajichimbia, anajirushia, anajikung'uta. Mvua zilikuwa zimegeuza ua wote kuwa tope, na mimi sikuwawekea pengine pa kuogea. Siku hizi kuna tairi kuukuu chini ya kipande cha bati, nimelijaza udongo mkavu na majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Kanga humaliza asubuhi nzima humo peke yake.

Kishungi alikuwa na lake. Nilipoinua kile kishungi chake nikakuta viroboto wamenata kwenye ngozi, vidoto vyeusi kama pilipili manga, vingine vimesogea hadi kwenye kope. Hao usiwabandue kwa kucha, utamjeruhi. Niliwapaka mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole, wakakosa hewa, wakadondoka. Mayai yao huanguka ardhini, kwa hiyo nilikwangua udongo wa juu wa sakafu ya banda na kuutupa mbali.

Bibi aliingia mwenyewe jioni ya tatu baada ya kazi ile. Alisimama mlangoni, akanyoosha shingo, akatazama fito mpya kwa muda mrefu, kisha akaruka juu. Kile kitambaa cheupe bado ninacho, kimetundikwa kwenye msumari nje ya banda. Kila Ijumaa usiku nakipitisha chini ya fito.